Bei ya Mwaloni na Bei Niliyoipanga Mwenyewe

Mchuuzi mdogo wa dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hapangi bei, anaikuta. Anafika alfajiri wakati boti za visiwani zinashusha magunia na wapagazi wamekwisha kujipanga, anauliza gunia linakwendaje leo, na jibu analopewa ndilo linaloamua kama siku hiyo ataondoka na faida au atarudi na mzigo wake nyumbani. Malori ya kwenda Kongo, Rwanda na Burundi yakiwa mengi, bei hupanda kabla jua halijachomoza. Mvua ikiwa imenyesha visiwani na dagaa hawakukauka vizuri, bei huporomoka, na anayeumia kwanza ni yule mwenye magunia mawili, kwa kuwa mwenye stoo anaweza kungoja. Nimekulia ndani ya biashara hiyo, kwa shangazi yangu anayeanika dagaa katika ufukwe wa Igombe, na tangu nikiwa binti mdogo nilifundishwa kwamba sifa ya kwanza ya mchuuzi ni kuwahi.

Leo sehemu kubwa ya dagaa wangu huuzwa kwa njia ya simu, kwa watu wa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Arusha ambao wengi wao sijawahi kuonana nao ana kwa ana, na bei wanayolipa nimeipanga mimi. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu ninapowasikia wenzangu wakizungumzia kuuza mtandaoni, aghalabu huzungumzia wingi wa wateja, kana kwamba faida yote iko katika kuonekana na watu wengi. Wingi wa wateja ni jambo jema, na sitaukana. Lakini kwangu faida kubwa zaidi imekuwa uwezo wa kutaja bei, kueleza kwa nini ni hiyo, na kukubaliwa. Uwezo huo hauji kwa kufungua akaunti na kuweka picha mbili tatu. Hununuliwa kwa fedha, kwa muda na kwa uangalifu wa kila siku, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba mwenye biashara ndogo atenge mtaji kwa ajili yake, kama anavyotenga mtaji wa kununua bidhaa.

Msukumo wangu ulikuja mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo madereva wa malori walikwama katika mpaka wa Rusumo, wa kuingia Rwanda, kwa sababu ya masharti ya kuzuia korona, na sisi tuliozoea kuuza kwa wanunuzi wa nje tukabaki tukitazamana. Wenye mitaji mikubwa waliweka magunia yao stoo wakasubiri. Mchuuzi mdogo hana pa kusubiria, maana dagaa wake wamenunuliwa kwa hela ya kikundi, na hela ya kikundi ina tarehe yake ya kurejeshwa. Binamu yangu anayefanya kazi Dodoma aliniomba nimtumie dagaa kidogo kwa basi, kisha akaweka picha yao kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzake, na kabla ya wiki kwisha nikawa na watu wanaouliza bei kutoka mji ambao sikuwahi kuufikiria kama soko langu. Programu ya WhatsApp Business ilikuwa imekwisha kutoka tangu 2018, haina malipo, na ina sehemu ya kupanga bidhaa kwa picha, maelezo na bei. Nikaipakua, nikaanza.

Kabla ya kuendelea niseme jambo moja kuhusu bidhaa yenyewe, kwa sababu si kila kitu kinachouzika ufukweni kinafaa kusafirishwa kwa mtu uliyemkuta mtandaoni. Dagaa aliyekauka vizuri ni mwepesi, hahitaji barafu, na akifungwa vizuri hukaa kwa miezi bila kuharibika. Sato mbichi ni habari nyingine kabisa: ninamuuza pia, lakini kwa wateja wa Ilemela na Nyamagana, hapa hapa Mwanza, tu, ambao bodaboda anaweza kuwafikishia akiwa bado kwenye barafu. Nimewaona wenzangu waliotaka kupeleka sato wabichi Dar es Salaam kwa basi la kawaida, na hasara waliyoipata iliwafanya waseme mtandao ni uongo, ilhali kilichowashinda kilikuwa barabara ya zaidi ya kilometa 1,100 na joto la ndani ya buti.

Tofauti ya ubora ndiyo iliyonifungulia macho zaidi. Dagaa wengi wa ziwa letu huanikwa juu ya mchanga wa ufukwe. Ni rahisi: boti inafika, dagaa wanamwagwa, wanatandazwa, jua linafanya kazi. Njia ya pili ni ya vichanja, yaani miti iliyosimikwa na kuinuliwa kiasi cha kiuno, juu yake ukatandazwa wavu wenye matundu madogo, hewa ikapita juu na chini. Dagaa wa kichanja hukauka kwa usawa, hawana mchanga, na hawakanyagwi na kuku wala mbuzi. Lakini kichanja kina gharama ya miti, wavu na misumari, na pale Mwaloni, gunia likiwa limekwisha kushonwa, mnunuzi wa jumla hakunilipa tofauti inayolingana na gharama hiyo. Sehemu kubwa ya dagaa huishia kwenye chakula cha kuku, na kuku halalamiki juu ya mchanga. Kwa hiyo shangazi alikuwa na vichanja vichache tu vya dagaa wa kula nyumbani, na waliobaki walianikwa chini kama wa majirani.

Mteja wa mtandaoni yeye analipa tofauti hiyo, mradi aione. Nilipoanza kupokea maswali, swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa la mchanga. Nikaamua kulijibu kwa video. Asubuhi moja pale Igombe nilichukua beseni jeupe, nikatia maji safi, nikachota dagaa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililokuwa likifungwa wakati huohuo, nikawamimina. Nikawakoroga kwa mkono, nikaacha maji yatulie, nikawatoa dagaa wote, kisha nikaliinamisha beseni polepole kuelekea jua ili chini yake paonekane. Maji yalikuwa yamegeuka rangi kidogo na magamba machache yalielea, lakini chini hapakuwa na chembe ya mchanga. Sikuweka muziki wala maneno mengi. Nilitaja tarehe, nikasema hawa ni dagaa wa kichanja wa leo, nikataja bei ya kilo.

Jioni ile mama mmoja wa Dar es Salaam aliniandikia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema: “Mwanangu, nitumie kilo tano. Nimechoka kuosha dagaa maji matano na bado meno yanalia mchanga.” Hakuuliza kama bei inapungua. Tangu siku hiyo kila mzigo mpya unaofika hupitia kwenye beseni mbele ya kamera, na wateja wa zamani wakichelewa kuiona video huuliza iko wapi. Sijui tangazo lolote la kulipia ambalo lingefanya kazi ya beseni lile, na ninawaambia wenzangu wanaouza asali, mchele wa Magu au vikapu kwamba kila bidhaa ina beseni lake: kuna jambo moja ambalo mnunuzi analiogopa, na ukilionyesha waziwazi bila kulizungukazunguka, nusu ya kazi ya kuuza imekwisha.

Maswali ya wateja yalinifundisha pia kupanga bidhaa kwa madaraja. Wapo waliotaka dagaa waliokwisha kuondolewa vichwa na matumbo, kwa kuwa uchungu unakaa huko na wao wanatoka kazini wamechoka. Wapo waliotaka waliokaangwa kabisa, wa kuweka kwenye chombo cha mtoto wa shule ya bweni. Mwaloni hakuna aliyewahi kuniuliza mambo hayo, maana anayenunua gunia si yeye atakayewala. Nilipoanza kuuza dagaa waliochambuliwa, bei yao ilipanda kuliko gharama ya kuwachambua, na wanawake wanaofanya kazi hiyo Igombe wakawa na ujira ambao haukuwepo hapo awali. Ningebaki sokoni peke yake nisingejua kwamba kuna mtu Morogoro aliye tayari kulipia dakika arobaini za mikono ya mwingine.

Hata hivyo madaraja na bei vinahitaji kipimo kinachoaminika. Sisi tumezoea kisado, debe na gunia, na kila mmoja anajua jinsi debe linavyoweza kujazwa kwa hila au kwa huruma. Mtu aliye Dodoma hawezi kuliona debe langu. Anachoweza kukihakikisha ni kilo, kwa kuwa na yeye ana mizani jikoni au kwa muuza nyama wa jirani. Fedha ya kwanza niliyoitoa kwa ajili ya biashara ya mtandaoni ilinunua mizani ya kidijitali, nikaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwa. Ya pili ilinunua mashine ndogo ya kufungia vifungashio kwa joto. Simu yangu ilikuwa ya kawaida na iliendelea kuwa ya kawaida kwa muda mrefu, na mtu akiniuliza aanze na nini, ninamwambia mizani iitangulie simu mpya.

Vifungashio ni somo linalojitegemea. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, Juni 2019, wengi walibaki hawajui kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na ilinibidi kwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuuliza kabla ya kununua chochote kwa wingi. Safari hiyo ilinilipa kwa zaidi ya jambo moja, kwa sababu huko ndiko nilikoelekezwa pia namna ya kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, na jinsi mjasiriamali mdogo anavyoweza kupata barua ya utambulisho ya kumfikisha kwenye shirika la viwango, TBS, ili bidhaa yake ipimwe. Lebo yangu ina jina, uzito, tarehe ya kufungashwa na mahali dagaa walikoanikwa. Mahali ndipo wateja wengi wanapopasoma kwanza. Mtu aliyezaliwa kisiwani Ukerewe na sasa anaishi Tabata, Dar es Salaam, hununua dagaa, na pamoja na dagaa hununua habari za kwao.

Sasa nije kwenye usafirishaji, ambao ndio unaoua biashara nyingi za mtandaoni zikiwa bado changa. Mizigo yangu ya Dar es Salaam hupakiwa kwenye mabasi katika stendi ya Nyegezi na kupokelewa katika Kituo cha Magufuli, Mbezi, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mteja anaweza kupokea mzigo mapema zaidi kuliko zamani. Lakini basi lina hesabu yake. Tuseme kilo moja ya dagaa wazuri ni shilingi 12,000 na kifurushi kidogo kinasafirishwa kwa shilingi 5,000. Mteja wa kilo moja atalipa 17,000 na atahisi ameonewa, hata kama hakuna aliyemwonea. Mteja wa kilo tano, kwa kifurushi kilekile, anabeba shilingi 1,000 tu juu ya kila kilo, na hatalalamika. Hesabu hiyo rahisi ndiyo iliyonifanya niweke kiwango cha chini cha oda kwa wateja wa mbali, na kuwashauri majirani au wafanyakazi wa ofisi moja waagize kwa pamoja kwa jina la mmoja wao. Huyo mmoja mara nyingi ni mama au dada ambaye wenzake wanamwamini, naye humpunguzia kila mtu gharama, na mimi humwongezea kilo yake ya shukrani. Wateja wangu bora wote wamepatikana kwa njia hiyo.

Njiani hutokea mengi. Kampuni moja ya mabasi iliwahi kuweka mizigo yangu chini ya ndoo za samaki wabichi wenye barafu. Barafu ikayeyuka, maji yakashuka, na dagaa wakafika Mbezi wakinuka. Karani wa mizigo aliniambia kwamba mzigo husafiri kwa dhamana ya mwenyewe, na maandishi ya nyuma ya risiti yalimuunga mkono. Niliwarudishia wateja fedha zao siku hiyohiyo na kuwatumia dagaa wengine kwa gari la wiki iliyofuata. Iliniumiza, maana faida ya mwezi mzima ilikwenda na maji yale. Lakini watu wale wanne bado wananunua kwangu hadi leo, na mmoja wao alisimulia habari ile kwenye kikundi chake cha kanisa, jambo lililoniletea oda ambazo nisingeweza kuzitafuta mwenyewe. Tangu hapo kila kifurushi huvishwa mfuko wa pili wa nailoni nzito ndani ya kiroba, na ninasimama pale stendi hadi nione kimewekwa wapi ndani ya buti.

Kuaminiana kwa fedha kulichukua muda zaidi kuliko kuaminiana kwa bidhaa. Mtanzania yeyote mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na kwa hiyo anapoambiwa na mtu asiyemjua alipe kwanza ndipo atumiwe mzigo, moyo wake unasita, na ana haki. Malipo kwa simu tumekuwa nayo tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, njia ipo na watu wameizoea. Kinachokosekana ni sababu ya kumwamini anayepokea. Nilichofanya ni kuacha kutumia namba yangu binafsi nikachukua lipa namba yenye jina la biashara, ili mteja anapoingiza namba alione jina lilelile lililo kwenye lebo na kwenye akaunti. Kwa mteja mpya nilikubali nusu kabla na nusu akishatumiwa picha ya risiti ya basi. Hatari ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyotazamia.

Muuzaji naye hutapeliwa. Kuna watu hutuma ujumbe wa muamala wa kughushi, umeandikwa kama wa kweli, una hadi kumbukumbu namba, kisha humharakisha mwenye mali kwa kumwambia bodaboda yuko nje anasubiri. Hapa hakuna cha aibu wala cha kuoneana haya: ninaangalia salio kwenye simu yenyewe kabla mzigo haujatoka mkononi, hata kama anayenunua ni mtu ninayemwita kaka. Mpwa wangu anayenisaidia nimemfundisha sheria hiyo kabla ya kumfundisha jambo lingine lolote.

Nirudi kwenye bei, kwa sababu huko ndiko kila kitu nilichokwisha kueleza kinakoelekea. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana mwanga ndio unaowakusanya. Mbalamwezi ikiingia, mwezi wenyewe unakuwa taa ya ziwa zima, dagaa wanatawanyika, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hurudi kwa familia zao. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo dagaa wapya hawafiki, na Mwaloni bei hupanda, kisha hushuka giza likirejea. Mchuuzi wa soko anayumba pamoja na mwezi. Wateja wangu wa Dar es Salaam hawakuwa na habari ya mambo haya; waliona tu kwamba wiki hii bei ni hii na wiki ijayo ni nyingine, wakadhani ni tamaa ya wauzaji. Niliandika maelezo mafupi, nikapiga picha ya mitumbwi iliyopandishwa ufukweni, nikawaeleza kwamba kuanzia tarehe fulani boti hazitoki, na kwamba atakayeagiza na kulipia kabla ya hapo atapata kwa bei yangu ya kawaida.

Matokeo yake yalibadilisha namna ninavyonunua. Kwa kuwa najua mapema ni kilo ngapi zimekwisha kulipiwa, ninakwenda kwa waanikaji wakati wa giza, dagaa wakiwa wengi, nikiwa na fedha taslimu mkononi, ninachagua wazuri, ninawahifadhi, na mbalamwezi inanikuta nina mzigo. Bei ninayowapa wateja haipandi wala haishuki kwa wiki nyingi mfululizo. Ni ya juu kidogo kuliko bei ya Mwaloni siku ya neema, ni ya chini kuliko bei ya Mwaloni siku ya shida, na wateja wamesema mara nyingi kwamba wanapenda kuijua kabla ya mwisho wa mwezi kuliko kubahatisha. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kila alfajiri gunia linakwendaje. Soko bado ninalitumia, kwa dagaa wa daraja la chini na kwa mauzo ya jumla, na sitegemei kuliacha, lakini halinipangii tena maisha.

Wapo watakaosema kwamba mtandao wenyewe si wa kutegemewa, na wana hoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima na picha zangu hazikufunguka kwa wateja. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na biashara nyingi zilizokuwa zikiishi ndani ya akaunti moja ya Instagram zilinyamaza kabisa. Mimi nina daftari, la karatasi, lenye jina la kila mteja, namba yake ya simu, mahali anapopokelea mzigo, na daraja la dagaa analopenda. Akaunti ni ya kampuni iliyo ng'ambo, ambayo inaweza kuifunga kwa sababu ambazo hutaelezwa; daftari ni langu. Ninalitunza pia kwa uangalifu kwa sababu namba na makazi ya watu ni amana, na tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotutaka tuzitunze hivyo. Huwa sikubali kumpa mfanyabiashara mwingine orodha yangu, hata akiniomba kwa heshima kubwa.

Gharama isiyoonekana ni muda. Mtu anayeuliza bei saa tatu usiku, asipojibiwa, atakuwa amenunua kwingine kabla hujaamka. Nimemwajiri mpwa wangu kwa kazi ya kujibu ujumbe, kuandika oda na kufuatilia mizigo, na mshahara wake, pamoja na bando, ni sehemu ya gharama ya kila kilo ninayouza. Wanaohesabu kwamba kuuza mtandaoni ni bure kwa sababu hawalipi kodi ya fremu hujikuta baadaye wamechoka na hawajui fedha imekwenda wapi. Nililinganisha: fremu mjini Mwanza ingenitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo hata kama sijauza chochote, wakati gharama za mtandaoni hukua pamoja na mauzo na hupungua mauzo yakipungua. Kwa mtaji mdogo tofauti hiyo ni kubwa mno. Matangazo ya kulipia ninayatumia kwa nadra, hasa kabla ya shule kufunguliwa, na kiasi ninachoweka ni kile ambacho kikipotea sitakosa usingizi.

Faida nyingine ilinijia bila kuitafuta. Nilipokwenda kuomba mkopo wa kuongeza vichanja, afisa alinitaka nimwonyeshe mwenendo wa biashara. Zamani ningekuwa na maneno matupu, kwa sababu mauzo ya Mwaloni huingia mfukoni na kutoka mfukoni. Safari hii nilikuwa na taarifa ya miamala ya lipa namba, mwezi kwa mwezi, na daftari lililolingana nayo, pamoja na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na karatasi za BRELA. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Shangazi, aliyekuwa amenisindikiza na ambaye hajawahi kuona mtu wa familia yetu akikopeshwa bila kuweka kiwanja dhamana, aliniuliza tukiwa njiani: “Kwa hiyo mwanangu, wamekukopesha kwa sababu ya ile simu?” Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya dagaa wake, isipokuwa sasa wameandikwa.

Waanikaji wenzake wa Igombe wameanza nao kunihoji. Wanataka kujua dagaa wa kichanja wanauzwaje huko mbali, na wanapojua, hawakubali tena kumpa mchuuzi yeyote, mimi nikiwemo, kwa bei ya dagaa wa mchanga. Nimelazimika kuwaongezea, na ni haki yao. Vichanja vimeongezeka pale ufukweni kuliko wakati wowote ninaokumbuka. Fedha ya mkopo imekwenda kwenye vichanja vyenye paa la nailoni angavu, kwa sababu oda nyingi za mwisho wa mwaka huja wakati wa mvua za vuli, na dagaa wa Novemba na Desemba ndio wagumu kukauka kuliko wote. Wateja waliokwisha kulipia wanawangoja hao.